Mwanafunzi akisha kuvuna shambani kwako, majibu yanaenda wapi?



"Ule mutoto mwenye alikuya kupima maharagi yetu, majibu yake alipeleka wapi?" Mama mmoja alituuliza hivyo katika hangari ya koperative yao, upande wa Masisi, siku tulikuwa tumekuja kwa mambo mengine kabisa, kuhesabu mbegu za sezoni B. Watu walicheka. Yeye hakucheka. Alikuwa ametoa kipande cha shamba lake kwa sezoni nzima, akapalilia pamoja na yule kijana, akamupa chakula zaidi ya mara moja. Siku ya mavuno kijana alipima kila kitu kwenye mizani, akaandika ndani ya kaye yake, akashukuru, akapanda moto na kurudi mjini. Tangu siku ile, kimya.

Tulimujibu vile tuliweza. Lakini njiani tulikubaliana kwamba lile swali linahitaji kurasa nzima, maana wengi kati yenu mumeisha kupokea mwanafunzi kama huyo, ao mutamupokea sezoni inayokuja.

Majibu yalienda ndani ya kitabu. Katika nchi yetu mwanafunzi wa agronomia hawezi kupata diplome bila kuandika kazi ya mwisho. Kwa mfumo wa zamani, aliyemaliza miaka 3 ya graduat aliandika TFC, na aliyeendelea mpaka licence aliandika memwari, yenye kurasa nyingi zaidi. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 vyuo vimeanza kuingia katika mfumo mpya unaoitwa LMD, na majina ya ngazi yamebadilika, lakini jambo lenyewe limebaki: mwanafunzi anachagua swali, anaenda shambani ao kijijini kulitafutia jibu, anaandika, kiisha anasimama mbele ya walimu na kutetea alichoandika.

Siku ya kutetea iko na uzito wake. Mwanafunzi anavaa suti, hata kama ameiazima kwa kaka yake. Anapewa dakika chache, mara nyingi hazifiki nusu saa, za kueleza kazi ya miezi mingi. Anaonyesha picha na mistari kwenye ukuta, kiisha walimu wa juri wanaanza kumuuliza: kwa nini ulipanda kwa nafasi hii, kwa nini haukupima udongo kwanza, hii hesabu umeitoa wapi? Mwalimu aliyemusimamia anakaa hapo, mara nyingine akimuhurumia, mara nyingine akiinamisha kichwa. Mwisho juri inatoka nje, inazungumza, inarudi na pointi.

Na kwa kawaida utetezi huo unafanywa mbele ya watu. Mulango uko wazi. Familia inakuja, marafiki wanakuja na maua na simu za kupiga picha. Mwenye shamba ndiye haonekani. Hakuna aliyemukataza, ila hakuna aliyemwambia siku wala saa.

Tuseme ukweli juu yetu sisi wenyewe pia. Tulipokuwa wanafunzi tulifanya vile vile. Kwenye kurasa ya mwisho tuliandika kwamba tunawashauri wakulima wafanye hivi na hivi, na hakuna mkulima hata mmoja aliyeisoma. Ilikuwa kwa Kifaransa. Kopi moja ilibaki maktaba, moja kwa mwalimu, na ile ya tatu tulipelekea wazazi, wakaiweka ndani ya kabati wanapoweka vitu vya heshima. Wale waliotupa shamba hatukurudi kwao. Tulikuwa na sababu zetu (pesa ya usafiri ilikuwa imeisha, barabara ilikuwa mbaya), lakini hatukurudi.

Sasa, mutatuuliza: hasara iko wapi? Kama mwanafunzi amepata pointi zake na shamba limebaki salama, kuna ubaya gani?

Hasara ya kwanza ni kwamba majibu yanafika kwenu kwa njia ya redio ya midomo, yakiwa yamekatwa kichwa na miguu. Koperative moja tunayoijua ilisikia kwamba jaribio la chuo limeonyesha maharagi yenye kupanda juu ya miti yanazaa sana kuliko yale mafupi. Hiyo ni kweli, na inajulikana katika milima yote ya Kivu. Kamati ikanunua mbegu kwa wanamemba wote. Lakini jaribio lilifanywa mahali ambapo vijiti vya kushikilia vinapatikana karibu. Kwao miti ilikuwa imeisha kwa makaa na kwa ujenzi, na kijiti kimoja kilinunuliwa kwa pesa. Wengi walipanda bila vijiti vya kutosha. Maharagi yalitambaa chini, mvua ikanyesha, yakaoza. Mwanafunzi hakudanganya. Katika kitabu chake aliandika wazi kila mmea ulipewa kijiti cha urefu gani. Ila hakuna aliyekuwa amemuuliza vijiti vilitoka wapi na viliuzwa bei gani, na juri haikai kwenye kijiji kisicho na miti.

Basi tueleze namna jaribio la mwanafunzi linavyojengwa, ili siku akisimama mbele yenu mujue wapi pa kushika.

Kitu cha kwanza cha kutafuta ni shahidi. Katika Kifaransa cha agronomia, kile kipande cha shamba ambacho hakikupewa kitu kipya kinaitwa temwe, na temwe ni neno lile lile la shahidi mahakamani. Jina hilo linafaa sana. Kama mwanafunzi anataka kujua samadi ya mbuzi inaongeza viazi kiasi gani, lazima kando yake kuwe na kipande cha viazi kilichopandwa siku ile ile, kwa mbegu ile ile, kwenye udongo ule ule, bila samadi. Ule ndio shahidi. Bila yeye, mtu anaweza kutuambia kwamba alivuna vingi kwa sababu ya samadi, kumbe mvua ilikuwa nzuri tu na kila mtu alivuna vingi. Na kwa sisi wakulima, shahidi mzuri ni ile namna yetu ya kila siku. Mara nyingine mwanafunzi anaweka shahidi ambaye hakuna mkulima yeyote anayelima hivyo, halafu namna mpya inashinda kirahisi. Hapo mumuulize: huyu shahidi wako analima kama nani?

Cha pili ni kurudilia. Mashamba yetu ya Masisi yako kwenye mteremko. Chini kuna udongo mweusi uliosukumwa na mvua, juu kuna udongo uliochoka. Kama namna mpya imewekwa chini na ya zamani juu, jibu limeisha kuamuliwa kabla ya kupanda. Ndiyo maana wanafunzi wanagawa shamba katika bloki, na ndani ya kila bloki wanaweka kila namna, kwa kupiga kura mahali pa kila moja. Muliona zile kamba na vibao vyenye herufi, wengine wakafikiri ni kupima ardhi kwa ajili ya kuiuza. (Kuna mahali watoto waling'oa vibao usiku kwa sababu hiyo. Tunaelewa. Mambo ya ardhi kwetu si muchezo, na mwanafunzi angeeleza vibao vyake kabla ya kuvipiga chini.)

Cha tatu ndicho kinasumbua hata wanafunzi wenyewe: je, tofauti ni ya kweli ao ni bahati? Tuchukue mfano wa hesabu tu, si wa shamba la mtu. Vipande 3 vya samadi vimetoa kilo 9, 14 na 6. Vipande 3 vya shahidi vimetoa kilo 8, 7 na 12. Mukigawa, samadi iko na wastani wa karibu kilo 10 na shahidi kilo 9. Mtu mwenye haraka atasema samadi imeshinda. Lakini angalieni ndani: kipande kimoja cha samadi kimetoa 6, chini ya mashahidi wote, na shahidi mmoja ametoa 12. Namba zimechanganyika sana, na hiyo kilo moja inaweza kuwa ya mteremko tu, ao ya panya. Sasa chukueni mfano mwingine: samadi 13, 14, 13, shahidi 8, 7, 9. Hapo hakuna kipande cha shahidi kinachokaribia kipande chochote cha samadi. Huyo mtu anaweza kusema kwa sauti.

Mwanafunzi anapima jambo hilo kwa hesabu ya kompyuta, na mwishoni anasema "tofauti yenye maana kwa asilimia 5". Maneno haya yanawapita watu juu ya kichwa, lakini maana yake haiko mbali. Anasema: kama zile namna mbili zingekuwa sawa kabisa, tofauti kubwa hivi ingetokea kwa bahati peke yake chini ya mara 5 katika majaribio 100. Haisemi kwamba tofauti ni kubwa. Haisemi kwamba inalipa. Tofauti inaweza kuwa ya kweli na bado ikakutia hasara. Tuseme mbolea ya dola 10 imeongeza kilo 12 za maharagi, na mnunuzi anatoa nusu dola kwa kilo: umepata dola 6 kwa kutoa 10. Kwa walimu wengi kazi hiyo ni nzuri na itapata pointi. Kwa mfuko wako si nzuri.

Halafu kuna mahali na wakati. Mwanafunzi wa kwetu, mara nyingi, anafanya sezoni moja tu, kwa sababu mwaka wa masomo haumungojei na pesa ni ya wazazi. Sezoni A inaanza na mvua za mwezi wa 9, sezoni B na zile za mwezi wa 2 na wa 3, na kila mtu hapa anajua hazifanani. Jibu la sezoni moja tunalipokea kama habari ya kwanza. Na kimo cha milima: mashamba mengi ya Masisi yako juu ya metre 1,500, wakati Walikale-centre iko chini ya metre 1,000, ndani ya joto la msitu. Kiazi kilichofurahi juu ya Masisi hakitafurahi kule chini, na mchikichi wa Walikale haukupandwa kwa baridi ya malisho ya ng'ombe. Mwanafunzi akisema "katika Kivu ya Kaskazini", mumuulize ni mlima gani.

Isidhaniwe kwamba tunazidharau kazi hizi. Tuko na sababu kubwa ya kuziheshimu, na imetoka hapa hapa kwetu.

Mwaka 2001, katika Masisi, migomba ilianza kunyauka kwa namna ambayo wazee hawakuwa wameiona. Majani yanageuka manjano na kulegea kama yamepigwa na moto, ua la kiume linakauka, vidole vinaiva kabla ya wakati na ndani yake ni vya rangi ya kutu, na ukikata shina linatoa maji mazito ya manjano. Leo kila mtu anaujua: ni mnyauko wa bakteria, wengine wanaita kirabiranya. Wakati ule haukuwa na jina hapa. Wakulima ndio walioona kwanza. Kiisha watu wa chuo wakafuata: Profesa Vigheri Ndungo wa Université Catholique du Graben ya Butembo, pamoja na watafiti wenzake, walipeleka alama za ugonjwa zichunguzwe, na ikathibitishwa kwamba ni bakteria ile ile iliyojulikana Ethiopia tangu mwaka 1968, kwenye mmea wa ensete ambao ni ndugu wa mgomba, na ambayo mwaka 2001 ule ule ilionekana pia Uganda. Kwa hiyo Masisi ndiyo mahali pa kwanza katika Kongo yote ambapo ugonjwa huo uliandikwa.

Ushauri wa kwanza ulikuwa mkali: mgomba mmoja ukiugua, ng'oa shina lote pamoja na watoto wake wote, zika. Munakumbuka. Ilikuwa kazi ya kuvunja mgongo, na iliacha familia bila bitoke, bila kasikisi, bila pesa ya shule kwa muda mrefu. Wengi walikataa, hasa wamama walioachwa peke yao na jembe. Watu wa ofisi wakasema wakulima ni wagumu wa kichwa. Lakini watafiti wengine waliuliza swali tofauti: je, kweli bakteria inaingia katika kila mtoto wa mgomba? Wakafuata shina kwa shina, wakahesabu, na ikaonekana kwamba hapana. Watoto wengi wa shina moja wanaweza kubaki wazima wakati ndugu yao amekufa. Kutoka hapo ukaja ushauri wa sasa: kata lile shina moja lenye ugonjwa, chini kabisa usawa wa udongo, mara tu unapoliona, na uendelee kupita kila wiki bila kuchoka. Ua la kiume livunjwe kwa kijiti chenye panda mara chane ya mwisho ikisha kutokea, bila kisu, kwa sababu wadudu wanaobeba bakteria wanaingilia hapo. Panga lipitishwe kwenye moto ao lioshwe kwa javel kabla ya kugusa mgomba mwingine. Mbuzi wasifunguliwe ndani ya migomba yenye ugonjwa.

Tumeieleza kwa urefu kwa sababu kazi ya namna hii, ya kupita na kuhesabu mashina mamia, wiki kwa wiki, mara nyingi ni kazi ya vijana wa chuo wenye kaye na buti zilizotoboka. Na angalieni kilichobadilisha ushauri: wakulima walikataa, mtu mmoja akachukua kukataa kwao kama swali badala ya kukiita ujinga. Kama wale wamama wangesema "ndiyo, ndiyo" mbele ya mgeni na kufanya tofauti nyuma yake, pengine hata leo tungekuwa tunang'oa mashina mazima.

Hapo tunafika kwenye jambo ambalo linatuhusu sisi wote, na si zuri kulisema, lakini tuliseme. Si kila mwanafunzi anakuja kupanda. Wengi wanakuja na karatasi ya maswali: unalima hekta ngapi, unavuna mifuko mingapi, unauza wapi, mko watu wangapi nyumbani. Na katika teritwari zetu, mtu akiona kijana na karatasi anafikiri ni liste ya msaada. Tumewazoesha sisi wenyewe watu wa mashirika, hatuwezi kuwalaumu. Basi shamba la nusu hekta linakuwa robo, mifuko 6 inakuwa 2, watoto 5 wanakuwa 9. Kijana anaandika yote. Anaenda kutetea kwamba maharagi ya kwenu yanazaa kidogo sana, kisha mtu mwingine anasoma kitabu chake na kuamua kwamba kwenu hapafai kununulia mbegu, ao kwamba mnunuzi asipeleke lori kwa sababu mavuno hayatalijaza. Kuna pia wanaoongeza, ili koperative yao ionekane kubwa. Matokeo ni yale yale.

Dawa yake ni ndogo. Kijana aseme mwanzoni, mbele ya rais wa koperative, kwamba hii si liste na hakuna kitu kitagawiwa. Na wewe unayejibu, kama swali haulitaki, sema haulitaki. Hiyo ni haki yako. Mambo ya ardhi, ya ng'ombe, ya nani analala wapi, kwa hali ya usalama tunayoishi, mtu anaweza kuyanyamazia bila kuomba radhi. Swali lililokataliwa linaonekana kwenye kitabu kama nafasi wazi, na mwalimu anajua kulishughulikia. Jibu la uongo halionekani.

Sasa namna ya kupokea mwanafunzi. Koperative nyingine zimeanza kuandika karatasi moja tu naye kabla hajapiga kibao cha kwanza. Inasema jaribio litachukua eneo gani na muda gani. Nani anatoa mbegu, mbolea na kazi ya kupalilia. Mavuno ni ya nani. Na kama namna mpya ikiua mazao, mwenye shamba atalipwa nini. Hilo la mwisho linasahauliwa kila mara. Mwanafunzi hana pesa, tunajua, lakini anaweza kuweka vipande vyake viwe vidogo, hivi kwamba hasara ikitokea isifike ndani ya sufuria ya mtu. Na mstari wa mwisho wa karatasi: atarudi siku gani kusema alichokiona, kwa Kiswahili ao kwa lugha ya kijiji.

Kurudi huko kunafaa kufanyika kabla ya utetezi wa chuo, si baada. Baada ya utetezi ameisha kupata pointi, ametafuta kazi, simu imebadilika namba. Kabla yake anawahitaji: mutamusahihishia makosa ambayo juri haiwezi kuyaona, kwa mfano kwamba bloki ya tatu ilikanyagwa na ng'ombe wiki ya pili na yeye hakuwepo.

Huko Marekani, wanafunzi wa vyuo wamekuwa na mkutano wao wa kitaifa wa kuonyesha utafiti tangu mwaka 1987, ulioanzia chuo cha Asheville, katika North Carolina. Wengine hawasomi hotuba. Kila mmoja anasimama kando ya bango lake, watu wanapita, wanasimama, wanauliza, wanaendelea. Tulipoliona jambo hilo kwenye picha tulifikiri mara moja juu ya hangari ya koperative siku ya soko. Hakuna haja ya umeme wala mashine ya kuonyesha ukutani. Mwanafunzi atandike shitingi, aweke juu yake mavuno ya kipande cha shahidi upande huu na ya namna mpya upande ule, kila fungu na uzito wake kwenye kikaratasi, asimame hapo. Mama anayetoka kuuza anaweza kushika maharagi kwa mkono, kuyauma, kuuliza yanaiva kwa moto kiasi gani. Swali la kuiva hatujalisikia mara nyingi kwa juri, na kwa mwenye kununua makaa ndilo la kwanza.

Ndugu zetu wa Walikale watasema: hayo yote ni ya watu wenye barabara. Ni kweli. Kutoka Goma kupita Sake na Masisi kwenda kwenu, njia inakatika kwa matope na kwa mambo mengine ambayo hatuhitaji kuyataja, na mzazi wa mwanafunzi hakubali kirahisi mtoto wake aende huko kwa miezi 4. Matokeo yake ni kwamba kazi nyingi zinafanywa karibu na miji, na muhogo wenu, mpunga wenu, kakao na mawese vinashauriwa kwa namba za mahali pengine. Kungojea mwanafunzi afike kunaweza kuchukua miaka.

Kwa hiyo tunapendekeza mufanye jaribio lenu wenyewe, dogo. Pimeni kipande cha metre 5 kwa metre 5 kwa kamba. Hiyo ni metre mraba 25, na hekta moja ina vipande 400 vya namna hiyo. Tengenezeni jozi 3, yaani vipande 6, kwenye mashamba ya wanamemba watatu: katika kila jozi kipande kimoja kina mbegu mpya, kingine kina mbegu yenu ya kila siku, ndiyo shahidi. Rusheni franka ya chuma ao jani la pande mbili ili kuamua kipi kikae wapi, msichague kwa macho. Pandeni siku moja, palilieni siku moja. Wakati wa kuvuna kausheni kwanza, pimeni baadaye, kwa mizani ile ile, mukiwa na shahidi wa kuandika. Kilo mulizopata kwenye kipande mukizidisha mara 400 zinawapa kilo kwa hekta: kilo 3 za maharagi ni kama kilo 1,200. Kwa kipande kidogo namba hiyo inadanganya kidogo, hasa kama pembeni mimea ilipata jua zaidi, lakini kulinganisha kipande na jirani yake kunabaki sawa. Kwa muhogo mutangojea mwaka mzima ao zaidi, na hapo weka mimea michache, ihesabiwe moja moja, kwa sababu wezi hawaheshimu kamba.

Andikeni kwenye kaye ya koperative, si ya mtu. Tarehe ya kupanda, mvua kubwa zilizoharibu, ng'ombe aliyepita, kilo za kila kipande, hata zile zinazoaibisha. Mwanafunzi akifika siku moja, hiyo kaye ndiyo mutamupa aanzie hapo.

Kuhusu yule mama wa Masisi: tulimutafuta kijana kupitia mwalimu wake, na simu yake ilipatikana. Alikuwa amekwisha kutetea. Alituambia kwamba mbegu ile mpya haikuishinda ya mama kwa tofauti yenye maana, na kwamba alikuwa ameona haya kurudi kusema "sikupata kitu". Tulimueleza kwamba hilo ndilo jibu mama alilokuwa analihitaji, kwa sababu jirani yake alikuwa anataka kumuuzia ile mbegu mpya kwa bei mara mbili. Kijana amekubali kuja siku ya mkutano mkuu, mavuno ya sezoni B yakisha kuingia hangari. Moto tutamulipia sisi. Rais wa koperative ameomba alete pia kopi ya kitabu, pamoja na kurasa mbili za Kiswahili, ziwekwe ndani ya sanduku la kamati.